Antibayotiki za Miezi kwa Kiungo Bandia Chenye Maambukizi: Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa na Anayemuuguza

Mwongozo huu ni wa mtu aliyewekewa nyonga, goti au bega bandia, kisha bakteria wakaingia humo, na sasa daktari ametamka muda unaokatisha tamaa: wiki 12 za dawa, au miezi 6, au bila kikomo. Ni wa anayemuuguza pia, kwa sababu tiba ndefu namna hii humwelemea mtu akiibeba peke yake. Hauchukui nafasi ya daktari wako. Kazi yake ni kukuonyesha kila sharti unalopewa lina sababu gani, maana sharti lisiloeleweka ndilo huachwa kwanza mwili ukianza kupata nafuu. Na kwa maambukizi haya nafuu huja mapema mno, bakteria wangali wapo.

Si tatizo linalompata kila mtu. Kati ya watu 100 wanaowekewa nyonga au goti kwa mara ya kwanza, mmoja au wawili hivi hupata maambukizi. Kiungo kilichowahi kufunguliwa na kubadilishwa kina hatari kubwa zaidi. Likikupata, usijilaumu wala usikubali kulaumiwa kwamba wewe ni mchafu. Bakteria wengi wanaohusika, hasa jamii ya stafilokokasi, wanaishi kwenye ngozi za watu wenye afya. Wengine huingia siku ya upasuaji, wengine hufika baadaye kupitia damu, wakitokea kwenye jipu, kidonda cha mguu au njia ya mkojo.

## Kwanza elewa utando

Bakteria wakitua kwenye nyama hai, chembe nyeupe za damu huwafuata. Wakitua kwenye chuma au plastiki, pale hakuna mshipa wa damu, kwa hiyo kinga ya mwili huwafikia kwa shida. Hunata, huzaliana, na baada ya muda mfupi kundi zima hujifunika kwa ute. Huo ndio utando. Ukoga wa meno ni wa jamii hiyohiyo: sukutua maji uwezavyo, hautoki mpaka mswaki uupitie.

Ndani ya utando bakteria wengi hupunguza mwendo. Hawali sana, hawagawanyiki, wako karibu na usingizi. Antibayotiki nyingi humuua bakteria wakati anagawanyika, kwa hiyo huwapita hao waliolala. Kiasi cha dawa kinachowamaliza bakteria wanaoelea huru kingehitaji kuzidishwa mara mamia ili kuwaua walio ndani ya utando, na mwili wa binadamu hauwezi kubeba dozi hiyo.

Masharti yote yaliyobaki yanatokana na hapo. Dawa peke yake bila upasuaji ni nadra kuponya, kwa sababu lazima utando ukwanguliwe au chuma kitolewe. Kuwahi hospitali kuna thamani kubwa, kwa sababu utando wa siku chache bado ni mchanga na wa miezi umeshakomaa. Tiba ni ndefu na mara nyingi ni ya dawa mbili kwa pamoja, kwa sababu wanaolengwa sasa ni wachache, wamejificha na ni wavumilivu.

## Hatua ya kwanza: bakteria ajulikane kabla ya kidonge

Kiungo bandia kikivimba, kikianza kuuma upya, kikiwa na joto, au kovu likifunguka na kutoa maji, usimeze antibayotiki yoyote iliyobaki nyumbani wala ya kununua bila kuandikiwa. Vidonge vya siku tano haviumalizi utando, lakini vinawanyamazisha bakteria walio nje yake kiasi kwamba maabara itaotesha sampuli na isipate kitu. Ukifika hapo, miezi yote inayofuata itakuwa ya kubahatisha dawa. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa ghali kuliko yote katika safari hii, na watu hulifanya kwa nia njema kabisa.

Kwa kawaida daktari huanza kwa kuvuta majimaji ya kiungo kwa sindano. Maabara huhesabu chembe nyeupe zilizomo na kuotesha kilichomo. Kama ulikwisha kumeza antibayotiki na hali yako inaruhusu kusubiri, huenda ukaambiwa uache kwa angalau wiki mbili ndipo sampuli ichukuliwe. Kusubiri huko kunachosha, lakini kuna faida.

Wakati wa upasuaji huchukuliwa vipande vitano au sita vya nyama kutoka sehemu mbalimbali kuzunguka kiungo, kila kimoja kwa kifaa chake kisafi, kila kimoja kwenye chupa yake. Bakteria wa ngozi anaweza kuingia chupa moja kwa bahati mbaya. Akionekana yuleyule kwenye chupa mbili au zaidi, huyo ndiye. Sampuli hizo hutunzwa maabara hadi siku 14, kwa kuwa wapo bakteria wanaoota polepole, kama Cutibacterium acnes anayependa zaidi bega. Kwa hiyo ukiambiwa siku ya tatu kwamba "hakuna kilichoota", uliza kama ni jibu la mwisho au la muda. Na pamba inayopitishwa juu ya kidonda si mbadala wa vipande hivyo, maana mara nyingi huokota wakazi wa ngozi tu.

Hali moja haisubiri mpangilio huu. Homa yenye kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupumua haraka au presha kushuka ni dharura: damu huchukuliwa kwa ajili ya kuoteshwa na dawa huanza hapohapo.

Majibu yakitoka, omba nakala yake. Unataka mambo mawili: jina la bakteria, na orodha ya dawa zinazomuua pamoja na zile ambazo yeye ni sugu kwazo. Miezi mitatu baadaye unaweza kukutana na daktari asiyekujua kabisa, na karatasi hiyo itamweleza mengi kuliko utakavyoweza kusimulia.

## Hatua ya pili: jua uko kwenye njia ipi

Wagonjwa wawili wenye magoti ya aina moja wanaweza kupewa muda tofauti kabisa wa dawa na wote wakawa wametibiwa sawasawa, kwa sababu muda wa dawa hufuata upasuaji uliofanyika.

Njia ya kwanza ni kuosha na kubakiza kiungo. Daktari hufungua, hukwangua nyama iliyooza, huosha kwa maji mengi, hubadilisha vipande vya plastiki vinavyochomoka, na chuma hubaki. Inafaa utando ukiwa mchanga: kiungo kimewekwa wiki chache zilizopita, au dalili zimeanza ghafla na hazijapita wiki tatu hivi, chuma kimeshika imara kwenye mfupa, na hakuna tundu linalotoa usaha mpaka kwenye ngozi. Kwa kuwa chuma hakikutoka, mzigo wa kumalizia kazi unaangukia dawa. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza cha Marekani wa mwaka 2013 unapendekeza, bakteria akiwa stafilokokasi, wiki 2 hadi 6 za dawa ya mshipani pamoja na rifampisini, antibayotiki nitakayoieleza katika hatua ya nne, kisha rifampisini na dawa mwenza ya kumeza mpaka itimie miezi 3 kwa nyonga na miezi 6 kwa goti. Madaktari wengi siku hizi hutoa miezi 3 hata kwa goti, kwa hiyo usishtuke ukisikia muda tofauti na wa mwenzako.

Njia ya pili ni kutoa kiungo chote na kuweka kipya siku hiyohiyo. Ya tatu ni awamu mbili: kiungo hutolewa, pengo hujazwa simenti ya mifupa iliyochanganywa na antibayotiki, dawa hutolewa kwa wiki kadhaa, mara nyingi 6, na kiungo kipya huwekwa baadaye maambukizi yakionekana kutulia. Simenti hiyo yenye dawa ni wazo la daktari wa Kijerumani Hans-Wilhelm Buchholz wa Hamburg, aliyeanza kuichanganya na gentamaisini karibu na mwaka 1970. Faida yake ni kwamba dawa humwagika palepale kwenye mfupa kwa kiwango ambacho damu isingeweza kukibeba bila madhara.

Njia ya nne ni kukandamiza. Huchaguliwa kama upasuaji mwingine ni hatari kuliko maambukizi yenyewe, au mgonjwa mwenyewe ameukataa baada ya kuelezwa. Hapa hakuna ahadi ya kuponya. Dawa moja ya kumeza huwaweka bakteria chini ili mtu aishi, atembee na asiumwe. Nitairudia mbele.

Je, muda mrefu unasaidia kweli? Utafiti wa DATIPO, uliofanywa katika hospitali za Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2021, uliwagawa kwa kura wagonjwa zaidi ya 400 waliokwisha kufanyiwa upasuaji unaofaa: nusu wakapewa antibayotiki kwa wiki 6, nusu kwa wiki 12. Miongoni mwa waliopewa wiki 6, maambukizi yaliendelea kwa asilimia 18.1; waliopewa wiki 12, asilimia 9.4. Pengo lilikuwa pana zaidi kwa waliooshwa na kubakiziwa chuma. Siku utakapojisikia umepona katika wiki ya saba, kumbuka tarakimu hizo mbili.

Kabla ya kutoka hospitali pata majibu ya maswali haya, na uyaandike: Lengo ni kuponya au kukandamiza? Siku ya kwanza inahesabiwa kuanzia lini? (Mara nyingi ni siku ya upasuaji wa mwisho uliosafisha, si siku dawa ilipoanza.) Ni nani hasa mwenye mamlaka ya kubadilisha au kusimamisha dawa, na nampataje jioni au mwisho wa wiki? Swali hilo la mwisho husahaulika, kumbe ndilo utakalolihitaji zaidi.

## Hatua ya tatu: mshipani au mdomoni

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba maambukizi ya mfupa lazima yatibiwe kwa dripu kwa wiki 6. Utafiti wa OVIVA wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia wagonjwa 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, wakiwemo wengi wenye vyuma mwilini. Baada ya mwaka mmoja tiba ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 14.6 ya waliopangiwa dawa za mshipani na asilimia 13.2 ya waliopangiwa za kumeza. Kwa hiyo ukibadilishiwa kwenda vidonge mapema, si kwamba umetupwa. La muhimu ni dawa kufyonzwa vizuri tumboni, kuufikia mfupa na kumuua bakteria aliyeota maabara.

Ukirudi nyumbani na mrija wa mshipani mkononi, upe heshima yake. Anayeugusa anawe mikono kwa sabuni na asugue mdomo wa mrija kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kila matumizi, kisha auache ukauke. Plasta ya juu hubadilishwa na muuguzi kila wiki, au mara moja ikilowa au kubanduka. Ufunike usilowe wakati wa kuoga. Mkono usipimwe presha upande huo. Mkono ukivimba, ukiuma kuelekea kwapani, au ukipata baridi na kutetemeka muda mfupi baada ya dawa kusukumwa, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

## Hatua ya nne: ijue dawa yako kwa jina na tabia

Nitakaa zaidi kwenye rifampisini, kwa sababu ndiyo yenye faida kubwa na masharti magumu.

Rifampisini ni miongoni mwa dawa chache zinazowaua stafilokokasi waliolala ndani ya utando. Mwaka 1998 watafiti wa Uswisi walichapisha matokeo ya jaribio dogo: wagonjwa waliobakiziwa vyuma vyao na kumaliza siprofloksasini pamoja na rifampisini walipona wote 12, waliotumia siprofloksasini bila rifampisini walipona 7 kati ya 12. Ni watu wachache, lakini jaribio hilo ndilo lililoipa rifampisini nafasi iliyo nayo katika tiba hii.

Sharti lake la kwanza: haitumiki peke yake hata siku moja. Bakteria huijengea usugu haraka sana, na usugu huo ukishatokea hauna kurudi nyuma. Kwa sababu hiyohiyo madaktari wengi husubiri kidonda kikauke na mirija ya kutolea damu iondolewe ndipo waianze. Dawa mwenza ikiisha, ikikudhuru, au ukisahau kuichukua, usiendelee na rifampisini pekee ukidhani nusu ya tiba ni afadhali. Piga simu siku hiyo.

Sharti la pili: huamsha vimeng'enya vya ini vinavyoyeyusha dawa nyingine. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hupungua nguvu, vilevile rivaroksabani na apiksabani za kazi hiyohiyo ambazo watu wengi hupewa baada ya upasuaji wa nyonga na goti. Vidonge, vipandikizi na viraka vya uzazi wa mpango haviaminiki tena. Tumia njia nyingine isiyo ya homoni mpaka wiki nne baada ya kumaliza rifampisini. Dawa za kisukari kama gliklazidi, dawa za kifafa, dawa za maumivu jamii ya morfini, zote huweza kushuka. Anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya VVU kwa kawaida huongezewa dozi iwe miligramu 50 mara mbili kwa siku. Na jambo ambalo husahaulika: rifampisini ikisimamishwa, vimeng'enya hurudi hali yao ya zamani katika wiki mbili hivi. Dozi ya warfarini iliyokuwa imepandishwa sasa inakuwa kubwa kupita kiasi, na mtu anaweza kuvuja damu akidhani ameshamaliza tiba salama. Kipimo cha kuganda kwa damu kifanywe mara kwa mara mwanzoni na pia baada ya kuacha.

Mkojo, jasho na machozi vitakuwa rangi ya chungwa. Hilo halina madhara, ila lenzi za kuvaa machoni zitabaki na rangi hiyo. Macho kuwa ya njano ni jambo jingine kabisa. Hilo ni ini, na ni la haraka. Pombe iache kwa muda wote wa dawa hii. Na kama una kikohozi cha wiki kadhaa, unatoka jasho usiku au unakonda, sema kabla ya kuianza: rifampisini ni dawa ya kifua kikuu pia, na kuimeza kwa mpangilio usio wa kifua kikuu kunaweza kuuficha ugonjwa huo na kuuzalishia usugu.

Levofloksasini na siprofloksasini ndizo dawa mwenza zinazotumika sana. Hunasa madini: kalsiamu, chuma, zinki, magnesi iliyomo kwenye dawa za kiungulia. Kidonge kikikutana tumboni na vitu hivyo, sehemu kubwa hutoka bila kuingia kwenye damu, nawe utakuwa umemeza dawa kwa jina tu. Zinaweza kudhuru kano, hasa ile ya kisigino, na zaidi kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 au anayetumia dawa za steroidi. Maumivu ya kisigino yakianza, acha mazoezi na upige simu. Kwa mwenye kisukari sukari inaweza kushuka ghafla. Ganzi au miguu kuwaka moto pia iripotiwe mapema.

Doksisaiklini huvumiliwa vizuri kwa muda mrefu, lakini imezwe kwa bilauri nzima ya maji ukiwa umekaa au kusimama, na usilale kwa nusu saa, la sivyo itachoma koo la chakula. Ngozi huungua kwa urahisi juani. Nayo hunaswa na madini.

Kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita septrini, hupandisha potasiamu, na hatari huongezeka kwa anayetumia dawa za presha au moyo kama enalaprili, losartani au spironolaktoni. Isichanganywe na methotreksati, dawa ya baridi yabisi na saratani. Vipele vikitokea, hasa vikiambatana na vidonda mdomoni au macho kuwa mekundu, iache na uende hospitali mara moja.

Klindamaisini inajulikana kwa kuharisha. Linezolidi ni dawa nzuri kwa muda mfupi. Ikipita wiki mbili chembe za damu zinaweza kushuka, na ikipita siku 28 mishipa ya fahamu ya miguu na ya macho huwa hatarini, tena haipatani na dawa nyingi za sonona. Flukloksasilini humezwa tumbo likiwa tupu, mara nne kwa siku, na inaweza kulisumbua ini hata wiki kadhaa baada ya kuiacha. Vankomaisini ya mshipani hudai kupimwa kiwango chake kwenye damu ili figo zisiumie.

## Hatua ya tano: ipange siku

Chukua mtu anayetumia rifampisini na levofloksasini mara mbili kwa siku, na ambaye pia ameandikiwa vidonge vya kuongeza damu. Rifampisini hufyonzwa vizuri saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Kwa hiyo saa 12 asubuhi anameza zote mbili kwa maji matupu. Saa 1 anakunywa chai. Chakula cha mchana saa 7, na hapo ndipo vidonge vya kuongeza damu vinapopata nafasi, mbali na levofloksasini kwa saa tano au zaidi. Baada ya hapo asitie kitu kizito tumboni mpaka saa 12 jioni, anameza awamu ya pili, na saa 1 na nusu anakula. Ukitumia siprofloksasini, maziwa na mtindi navyo vikae mbali nayo. Kichefuchefu kikizidi, kumeza na chakula kidogo ni bora kuliko kutapika au kuacha. Mweleze mfamasia tu.

Nunua au tengeneza kisanduku chenye vyumba vya siku saba, asubuhi na jioni. Kijazwe siku ileile kila wiki, na ikiwezekana mtu mwingine ahakikishe. Chumba kikiwa na kidonge baada ya saa yake, kila mtu nyumbani anaona, bila ya kuhoji wala kugombana. Kengele ya simu isaidie, lakini kisanduku ndicho kinachokuambia kama umemeza au ulidhani umemeza.

Ukisahau dozi, imeze mara unapokumbuka, isipokuwa kama ya pili imekaribia; hapo ruka na uendelee na ratiba. Usimeze mbili kwa pamoja kulipia. Akiba ikifika ya siku saba, anza kutafuta nyingine, usingoje ibaki ya kesho. Na kila mtu atakayekuandikia dawa mpya, hata ya fangasi ya kucha au ya usingizi, aone kwanza orodha yako yote.

## Hatua ya sita: vipimo vya damu visirukwe

Katika wiki za mwanzo, na muda wote wa dawa ya mshipani, vipimo kwa kawaida ni vya kila wiki. Ukitulia kwenye vidonge, huwa kila wiki mbili hadi nne. Huangaliwa chembe za damu, figo, potasiamu, ini, na protini ya CRP inayoonyesha uvimbe mwilini.

Kuhusu CRP, jifunze kusoma mwelekeo badala ya namba moja. Upasuaji wenyewe huipandisha. Hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka kwa wiki kadhaa. Ikipanda tena baada ya kushuka, daktari atatafuta sababu, na sababu inaweza kuwa mafua au jino. Ikiwa ya kawaida, ni habari njema, ingawa haithibitishi kwamba utando umekwisha. Nashauri uandike namba hizo mwenyewe kwenye daftari, tarehe upande mmoja na jibu upande wa pili. Mstari unaoshuka taratibu humpa mgonjwa nguvu katika wiki ambazo vidonge vimemchosha.

## Hatua ya saba: dalili zisizongoja

Nenda hospitali mara moja ukiona: kuvimba uso au ulimi, au kushindwa kupumua, malengelenge, ngozi kubambuka, au vidonda mdomoni na machoni, macho ya njano au mkojo mweusi kama chai ya rangi, homa na kutetemeka, maumivu makali ya ghafla ya kifua, mgongo au tumbo kwa anayetumia levofloksasini au siprofloksasini, macho kupoteza nuru au rangi kufifia kwa anayetumia linezolidi.

Kuharisha maji mara tatu au zaidi kwa siku, hasa tumbo likisokota au kukiwa na homa, kunaweza kuwa maambukizi ya utumbo yanayoletwa na antibayotiki zenyewe, kutokana na bakteria aitwaye Clostridioides difficile. Usinywe dawa ya kuzuia kuharisha kabla ya kupimwa. Na usikae kimya kwa sababu ya haya.

Kidonda kinachoendelea kulowesha bandeji baada ya siku kumi hivi, kovu linalofunguka, au kiungo kinachovimba upya, humwendea daktari wa mifupa aliyekifungua, si mtu wa karibu wa kukifunga bandeji nyingine.

Dawa ikikuletea madhara madogo kama kichefuchefu, kiungulia au uchovu, usiiache kimyakimya. Karibu kila dawa hapa ina mbadala, lakini mbadala hutafutwa na anayejua kwamba umeacha.

## Mwili unaobeba dawa

Sukari isiyodhibitiwa hudhoofisha kinga ya mwili na kuchelewesha kidonda kupona. Sigara hubana mishipa midogo inayopeleka damu na dawa kwenye mfupa, na kuiacha hata sasa kuna faida. Protini ya kutosha ni lazima, maana nyama iliyokwanguliwa lazima iote upya. Kukanyaga na mazoezi hufuata ruhusa ya daktari wa mifupa. Mwenye simenti ya muda kwenye goti hapewi masharti sawa na mwenye chuma kilichooshwa.

Kuna huzuni pia. Miezi ya vidonge, maumivu, na hofu ya kufunguliwa tena humlemea mtu, na kukosa hamu ya kumeza dawa mara nyingi huanzia hapo. Itajwe kliniki kama inavyotajwa homa.

## Siku ya kuacha, na baada yake

Tarehe ya kuacha huamuliwa na daktari, na ukiacha, kipindi cha kuangaliwa ndipo kinaanza. Bakteria waliobaki hujitokeza dawa ikishaondoka, kwa hiyo miadi ya miezi ya mwanzo ni muhimu kuliko inavyoonekana kwa mtu asiyeumwa tena. Ufuatiliaji huendelea kwa mwaka mmoja hadi miwili au zaidi. Maumivu ya usiku au ya kupumzika, tofauti na yale ya kutembea, yaripotiwe.

Kwa aliye kwenye kukandamiza, maswali ni mengine. Dawa huwa moja, ya kumeza, iliyochaguliwa kwa upole wake kuliko ukali: doksisaiklini, kotrimoksazoli, amoksisilini au sefaleksini, kutegemea bakteria, rifampisini kwa kawaida haina nafasi hapa. Vipimo vya damu huendelea, vikiwa mbali zaidi. Angalau mara moja kwa mwaka kaa na daktari mpitie upya: je, bado inazuia? Je, inaniumiza? Je, afya yangu sasa inaruhusu upasuaji ambao mwanzoni haukuwezekana? Wapo wanaoishi hivi miaka mingi wakitembea na kufanya kazi zao. Usiisimamishe mwenyewe kwa majaribio. Kama ipo haja ya kujaribu kuacha, ifanyike kwa tarehe inayojulikana na mtu wa kukuangalia.

Kuhusu meno, miongozo mingi ya sasa haipendekezi antibayotiki kwa kila mwenye kiungo bandia anapong'olewa au kusafishwa jino, ingawa kwa aliyewahi kupata maambukizi daktari wa mifupa na wa meno wanaweza kuamua vinginevyo, kwa hiyo waulize wote wawili kabla ya miadi. Jipu, kidonda cha mguu, kucha iliyoingia nyamani na maumivu ya mkojo vitibiwe mapema, na kila anayekutibu aambiwe tangu mwanzo kwamba una kiungo bandia, kiliwahi kupata maambukizi, na bakteria alikuwa yupi.